Mawe ya Kona Salama

Iko nchi moja ambayo mgeni huingia na kutoka bila kulijua jina lake, kwa sababu kibao cha kumkaribisha mpakani kimesimama nyuma ya jiwe la uzinduzi wa kibao hicho. Wenyewe hawaoni tabu. Husema kwamba jina la nchi yao wanalijua tangu utotoni, na mgeni akitaka sana, ana mdomo wa kuulizia.

Katika nchi hiyo hakuna jambo linalohesabiwa kuwa limefanyika mpaka lijengewe jiwe. Kisima kikichimbwa na maji yakatoka, watu hawateki mpaka jiwe lifunuliwe. Na jiwe likishafunuliwa, watu hupiga makofi hata kama maji hayajatoka. Jiwe lenyewe hujengwa kwa matofali, likapigwa plasta na kuvikwa pazia, kisha kiongozi huvuta kamba, pazia likaanguka, jina lake likang'aa kwa rangi ya dhahabu. Sheria ya Mawe ina vifungu vitatu tu, na kila mtoto wa shule anavijua kwa moyo. Cha kwanza, jiwe lililokwisha kufunuliwa halibomolewi wala halisogezwi. Cha pili, jiwe la mkubwa haliwi fupi kuliko la mdogo wake, wala halikai nyuma yake. Cha tatu, jiwe hukaa mahali panapoonekana.

Hidaya Mkumbwa alikuwa mpimaji wa Wizara ya Barabara, na kazi yake ilikuwa kupima umbali wa kuona. Vifaa vyake vilikuwa vijiti viwili na kamba. Kijiti kimoja kilikuwa na alama nyekundu kwenye kimo cha jicho la dereva aliyeketi. Kingine kilikuwa kifupi, nacho kilisimama badala ya kitu chochote ambacho dereva hapendi kukigonga: mbuzi, mtoto, baiskeli. Kijiti kifupi kilishikwa upande wa pili wa kona, na Hidaya akarudi nyuma polepole, jicho kwenye alama nyekundu, mpaka kile kifupi kilipopotea. Hapo alisimama, akapima kwa kamba. Huo ndio umbali alionao dereva wa kuona, kushtuka, kukanyaga breki na kusimama. Lori la mchanga linaloteremka linahitaji mita tisini. Si kwa ubaya, ndivyo malori yalivyoumbwa.

Aliyemshikia kijiti kifupi alikuwa mumewe Mshamu, maana Wizara ilikuwa na wakurugenzi kumi na wanne na haikuwa na mshika kijiti. Mshamu alikuwa muuza maziwa. Kila alfajiri alifunga madumu mawili kwenye baiskeli yake nyekundu, akashika njia ya mjini kupitia kona ya Lumbanga, ambayo haikuwa mbali na nyumba yao. Akirudi, madumu matupu yakigongana, ndipo alipomsaidia mke wake kazi ya serikali.

Kona ya Lumbanga ilikuwa na mita tisini na sita. Hidaya aliipenda. Alisema ni kona yenye adabu.

*

Mambo yalianza kwa nyanya. Dereva mmoja aliyekuwa ametoka kunywa harusini aliangusha gari lake mtaroni pale Lumbanga, matenga ishirini yakamwagika. Hakufa mtu. Lakini Mkuu wa Wilaya alipita siku ya pili, akaona wekundu ule wote umesambaa barabarani, akasema damu ya wananchi haiwezi kumwagika hivi hivi akiwa madarakani. Alipoambiwa ni nyanya alisema kwamba leo ni nyanya. Baada ya wiki tatu akazindua kampeni ya Kona Salama, na jiwe lake likajengwa ndani ya kona, pale pale macho ya dereva yanapopita, kwa kuwa jiwe hukaa mahali panapoonekana.

Hidaya alipima. Mita sitini na nne.

Akajaza Fomu Namba Saba na kuipeleka mwenyewe makao makuu, mwendo wa saa moja kwa basi, kwa sababu fomu isiyogongwa muhuri mbele ya macho ya mtu huwa haiaminiki. Mkurugenzi wa Uoni wa Barabara, Bwana Lukindo, aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni.

"Bi Hidaya, hapa kwenye 'umbali wa kuona' umeandika sitini na nne," alisema. "Jiwe la Mkuu wa Wilaya linaonekana kwa mita sitini na nne tu? Si litakuwa tusi hilo?"

"Siyo jiwe, Mkurugenzi. Ni dereva. Anaona mbele yake mita sitini na nne. Zamani alikuwa anaona tisini na sita."

"Fomu haiulizi mambo ya dereva."

"Inauliza umbali wa kuona."

"Kuona nini? Barabara ina nini cha kuonwa? Ni lami." Bwana Lukindo alicheka kwa upole. "Kinachoonwa ni jiwe. Jiwe linaonekana kutoka wapi?"

Hidaya alifikiri. "Mita mia na kumi."

"Unaona? Uoni umeongezeka." Akafuta sitini na nne kwa wino mweupe, akaandika mia na kumi. "Hayo yako ya dereva yaweke hapa chini, kwenye Mengineyo. Hakuna anayekukataza."

Mengineyo ilikuwa safu ya mwisho, mistari miwili, chini kabisa, karibu na jina la mpiga chapa. Hidaya akaandika humo kwa herufi ndogo: *Dereva anaona mita 64. Anahitaji 90.*

*

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho akiwekewa jiwe mbele, hata ukimwambia haitamsaidia. Kabla mwaka haujaisha, lori la mchanga na gari la abiria vilikutana pale konani, vikaviziana nyuma ya jiwe la Kona Salama, vikagongana. Watu wawili walivunjika miguu, na mmoja meno. Mkuu wa Mkoa akaona kampeni imezidiwa na ukubwa wa tatizo. Akazindua Kona Salama Zaidi. Jiwe lake lilikuwa refu kuliko mtu, na kwa kuwa la mkubwa halikai nyuma ya la mdogo, likajengwa mbele, karibu zaidi na lami.

Mita thelathini na saba. Hidaya akaandika kwenye Mengineyo. Kule juu kwenye fomu, uoni ukapanda hadi mita mia mbili na hamsini, na Bwana Lukindo akapewa cheti.

Tangu siku hiyo Hidaya hakuwa na raha. Kila alfajiri, Mshamu akishatoka, alisimama jikoni na mwiko mkononi, uji ukiungua, akisikiliza. Alijua hesabu ambazo hakuna mwingine katika kijiji kile aliyezijua, na elimu ile ilimkaa kifuani kama mfupa. Lori linahitaji tisini. Lina thelathini na saba. Zinazobaki hamsini na tatu zitatolewa na nani?

Mshamu alikuwa na mwenzake, Jongo, muuza maziwa pia, mwenye baiskeli ya bluu na midomo isiyochoka kupiga mluzi. Walikuwa wakitoka pamoja kila siku. Alfajiri moja tairi la Mshamu likapata pancha mlangoni pake, akamwambia Jongo tangulia, nakufuata.

Hidaya alisikia breki za lori. Kisha akasikia dumu likibingirika kwenye lami, muda mrefu, mpaka likanyamaza lenyewe.

Alikimbia. Hakukumbuka tairi lenye pancha, hakukumbuka kitu. Alipofika na kuiona baiskeli, na kuona kwamba ni ya bluu, moyo wake ukasema alhamdulillahi. Ukasema kwa sauti kabisa. Kisha akamwona Asumini, mke wa Jongo, anakuja mbio bila viatu katikati ya shamba lake la mihogo, na Hidaya akaona aibu ambayo hajaimaliza mpaka leo.

*

Kifo kina heshima yake, hakikupewa mtu wa mkoa. Alikuja Naibu Waziri mwenyewe kuzindua Kona Salama Kabisa. Kwa ajili ya usalama wa msafara wake barabara ilifungwa kwa saa tatu, asipite hata kuku, na viongozi walipoitazama kona ile tupu, yenye kimya na upepo mzuri, walishangaa hasa hizo ajali huwa zinatokea wapi.

Jiwe la Naibu Waziri lilikuwa na upana wa malango mawili. Juu yake paliandikwa kwa dhahabu: *Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.* Naibu Waziri akasimama kwenye kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu wananchi, nimeelezwa kwamba hapa kuna mwenzetu alipoteza maisha. Nasema tena, alipoteza. Mtu hupotezaje kitu cha thamani namna hiyo? Ni uzembe! Serikali yenu sikivu imejenga jiwe la kwanza, hamkuliona. Imejenga la pili, hamkuliona. Sasa hili la tatu, atakayesema hakuliona, huyo ana lake jambo! Makofi tafadhali."

Watu wakapiga makofi. Asumini, kama mfiwa mkuu, alikuwa amewekewa kiti cha heshima, lakini jiwe likatokea kuwa kubwa kuliko michoro, kiti chake kikabaki nyuma ya jiwe hilo. Sherehe yote aliisikia tu. Jina la Jongo halikuandikwa kwenye jiwe, kwa kuwa hakuwa amelifunua yeye.

Jioni ile Hidaya na Mshamu wakaenda na vijiti. Hidaya alirudi nyuma hatua chache tu, kijiti kikapotea. Akarudia. Akamwambia Mshamu akisogeze. Kikapotea tena.

"Ngapi, Mama Siti?" Mshamu aliuliza kutoka nyuma ya jiwe.

"Kumi na tano."

Mshamu alikuja akiwa amebeba kijiti begani, akasimama karibu naye, wote wawili wakalitazama jiwe, ambalo kwa kweli lilionekana vizuri sana.

"Baba Siti, acha maziwa," Hidaya alisema. "Tutakula tutakachopata."

"Na nyumba za mjini zenye watoto wanaosubiri maziwa? Na ng'ombe nao niwaambie wasitoe?" Akajaribu kucheka, ikamshinda. "Nitashuka. Nitaikokota baiskeli huku napiga kengele."

"Lori halisikii kengele."

"Najua."

Kwenye Mengineyo siku hiyo Hidaya aliandika zaidi ya kawaida: *Dereva anaona mita 15. Jongo Makwinya, muuza maziwa, aligongwa hapa zilipokuwa 37. Baiskeli zinapita kila alfajiri. Naomba.* Hakumaliza aliloliomba, mistari ilikuwa miwili tu. Uoni rasmi wa kona ya Lumbanga ulisomwa bungeni: mita mia nne, haujapata kutokea.

*

Aliyetatua jambo hili hakuwa na cheo. Baada ya siku arobaini, Asumini alipiga hodi kwa Hidaya akiwa na jembe begani.

"Shoga, mwambie mumeo apite kwangu."

"Kwako wapi?"

"Shambani. Kona inazunguka shamba langu, si ndiyo? Mimi nimeng'oa matuta manne, kutoka huku mpaka kule. Ni moja kwa moja. Mihogo nitapanda mingine." Alikwangua udongo kwenye mpini. "Jongo angepita humo angekuwa anapiga mluzi saa hizi."

Hidaya akaenda na vijiti vyake. Alirudi nyuma, akarudi, akarudi, kamba ikaisha ikabidi aanze upya, na kijiti kifupi bado kilikuwa kinaonekana mwisho wa shamba, na Mshamu nyuma yake anapunga mkono. Mita mia mbili na kumi na mbili. Hidaya akakaa chini kwenye matuta na kulia kwa furaha, Asumini naye akakaa, akalia kwa sababu nyingine, wakashikana mikono.

Kwanza walipita wauza maziwa. Kisha wanafunzi, kisha wenye magari madogo, na mwishowe malori ya mchanga yenyewe, maana madereva nao wana wake wanaosikiliza jikoni. Asumini akawapanulia. Miezi minane ikapita, Lumbanga hakukwaruzika hata mbuzi. Barabara ya lami ikaota nyasi, na yale mawe matatu yakabaki yanatazamana.

Taarifa ya ajali sifuri ilifika Wizarani ikazua taharuki. Sifuri haikuwahi kufunuliwa na mtu! Waziri wa Barabara, Mheshimiwa Daktari Kapilima, akaagiza kwamba Njia ya Mihogo izinduliwe haraka, na kwa kuwa ni yeye, jiwe liwe kulingana na yeye. Bwana Lukindo akaja Lumbanga na mchoro: mita sita kwenda juu, paa la vigae, na simba wawili wa saruji.

"Litakaa hapa," alisema, akionyesha mdomo wa njia, upande wa ndani, pale pale macho ya dereva yanapopita. "Mafundi wanakuja Jumatatu. Wewe jaza tu fomu ya mahali."

Hidaya alitazama pale palipoonyeshwa. Akamwona Mshamu anatokea mbali, mwisho wa mihogo, akiendesha bila wasiwasi, mkono mmoja. Roho ilimtoka akairudisha. Kulia hakungesaidia, kuomba alikwishaomba kwenye Mengineyo. Akaichukua fomu, akaisoma kwa makini, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Swali la tano liliuliza: *Viongozi wangapi wataliona jiwe hili kwa siku?*

"Mkurugenzi," alisema taratibu, "hapa nitaandika ngapi? Hapa wanapita wauza maziwa."

Bwana Lukindo akakuna kichwa. "Andika hakuna. Hapana, usiandike hakuna! Jiwe la Waziri lisionwe na kiongozi hata mmoja?"

"Sheria inasema likae panapoonekana. Mimi ni mpimaji, nitapima. Naona pako mahali pamoja ambapo viongozi wote wa Wizara watalipita asubuhi na jioni."

"Wapi?"

"Getini kwenu."

Bwana Lukindo akamshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. "Bi Hidaya," alisema, "sasa umekomaa."

Hidaya akajaza fomu kwa uaminifu. *Viongozi kwa siku: wote.* Na chini, kwenye Mengineyo, kwa herufi zile zile: *Jiwe likijengwa hapa, anayetoka getini ataona mita 4. Msijenge.* Bwana Lukindo akagonga muhuri pale chini palipobaki nafasi, juu ya maneno hayo.

*

Njia ya Mihogo ikazinduliwa mjini, mwendo wa saa moja kutoka kwenye mihogo. Waziri alifurahi kwamba hatavuta vumbi. Akaeleza kwamba barabara haianzii pale inapoanzia, huanzia kwenye fikra, na fikra zinakaa Wizarani. Pazia likaanguka. Simba wakapigiwa makofi.

Asubuhi ya pili, saa mbili na dakika tano, gari la Waziri lilikuwa linatoka kuwahi kikao na gari la Naibu Waziri linaingia likikimbia kuchelewa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Naibu Waziri, yule wa la mkuu, alivunjika guu. Waziri alivunjika pua.

Hidaya akaitwa. Alimkuta Mheshimiwa nyuma ya meza kubwa, bandeji katikati ya uso, Bwana Lukindo amesimama kando bila kalamu hata moja.

"Hebu niambie wewe mpimaji," Waziri alisema kwa sauti ya puani. "Mtu akitoka pale getini anaona umbali gani?"

Miaka sita Hidaya alikuwa akilisubiri swali lile.

"Mita nne, Mheshimiwa. Kama dereva ameketi wima."

"Nne! Kwa nini sikuambiwa?"

"Niliandika, Mheshimiwa. La getini hili, na ya Lumbanga matatu kabla yake. Chini, kwenye Mengineyo."

Faili ikaletwa. Waziri akaupangua muhuri kwa macho, akasoma. Akafunua fomu ya nyuma yake, akasoma, na ya nyuma yake tena. Alipofika kwenye jina la Jongo Makwinya, muuza maziwa, kidole chake kikasimama. Hidaya akaona macho ya yule mtu yamelegea kabisa juu ya ile bandeji, akajisemea moyoni, leo, leo ameona.

Waziri akashusha pumzi.

"Lukindo," alisema. "Hii safu ya Mengineyo inahuzunisha sana. Iondoeni."

Ikaondolewa. Fomu mpya zilikuja wiki iliyofuata, safi, zimeishia kwenye muhuri. Jiwe la getini halikuguswa, maana sheria ni sheria, ila nyuma ya Wizara, karibu na jiko la mama anayewapikia wali, uzio ulikatwa tundu, na viongozi wa nchi ile hutokea hapo mpaka leo, mmoja mmoja, wakiinama. Njia ya Mihogo ipo kwenye vitabu kwamba iko getini, na hakuna mkubwa aliyewahi kwenda Lumbanga kuitafuta.

Hidaya alirudi nyumbani siku ile ya kuitwa kwa basi la mchana. Alifika wakati madumu yanarudi. Akasimama mdomoni mwa njia, karibu na Asumini aliyekuwa anapalilia, akakisimamisha kijiti chake, jicho kwenye alama nyekundu, kwa mazoea tu. Baiskeli nyekundu ikatokea mwisho wa shamba, ndogo, haijaanza hata kusikika.

Mia mbili na kumi na mbili. Hapakuwa na pa kuiandika. Akainua mkono, na kule mbali Mshamu akauona, akainua wake.